Kilemba cha Ukoka kwa Mama Dolley



Mpendwa msomaji, Jumamosi moja usiku, baada ya chakula, sisi mafrateri wa falsafa tulikusanyika ukumbini kutazama video aliyotuletea mwalimu wetu wa Kiingereza. Lengo lake lilikuwa dogo tu: tusikie Kiingereza cha Wamarekani kikisemwa polepole na kwa ufasaha. Katika video hiyo alikuwamo mama wa makamo, amevaa gauni refu la hariri na kilemba chenye unyoya, amesimama mbele ya watu waliokaa kwenye viti vya maktaba. Hakusema kwamba angewasimulia habari za Dolley Madison. Alisema yeye ndiye Dolley Madison, mke wa Rais wa nne wa Marekani, na tangu hapo hakutoka ndani ya nafsi hiyo kwa muda wa saa nzima.

Sanaa hii huko kwao huitwa historia hai. Mwigizaji husoma barua na habari za mtu wa kale, huvaa mavazi ya wakati wake, kisha husimama na kusema "mimi" badala ya marehemu. Mwishoni wasikilizaji humuuliza maswali, naye hujaribu kujibu kama ambavyo marehemu angejibu. Ukimuuliza habari za simu, atakuuliza simu ni mnyama gani. Wake wa waasisi wa taifa lile, akina Martha Washington, Abigail Adams na huyu Dolley, huigizwa mara nyingi katika majumba ya makumbusho, shule na maktaba.

Tulifurahi kwelikweli. Mama yule alituchekesha, na alipofika kwenye Agosti 1814, majeshi ya Waingereza yakiukaribia mji wa Washington, ukumbi wetu wote ulinyamaza. Tulimsikia akiagiza picha kubwa ya George Washington iokolewe kabla hajapanda gari la farasi na kukimbia. Tulipiga makofi kana kwamba tumo maktabani pamoja na wale watu.

Jumatatu mwalimu akatugawia nakala za kitabu kidogo kilichochapishwa mwaka 1865. Mwandishi wake ni Paul Jennings. Alizaliwa utumwani mwaka 1799 huko Montpelier, shamba la familia ya Madison katika jimbo la Virginia, na siku ile ya Agosti 1814 alikuwa Ikulu akitumika, kijana wa miaka 15. Kitabu kinasomeka kwa kikao kimoja. Tulipokimaliza, mmoja wetu aliuliza swali lililotufanya tuandike makala hii: "Mbona juzi hatukumwona?"

Maoni yetu ni haya. Kuigiza historia ni jambo jema, na wanaoigiza wake wa wakuu wa zamani wanatufaa sana. Lakini anayevaa nafsi ya mkubwa anabeba deni kwa wale waliomtumikia mkubwa huyo. Asipolilipa, anamvisha marehemu kilemba cha ukoka, nasi tunarudi nyumbani tumefurahi na tumedanganyika. Tunalisema hili si kwa ajili ya Wamarekani peke yao. Sisi nasi tunaigiza, na deni hilohilo tunalo.

Mama mwenye nguvu bila cheo

Kwanza tumtendee haki Mama Dolley. Alizaliwa mwaka 1768 katika familia ya Jumuiya ya Marafiki, wanaojulikana zaidi kwa jina la Quaker. Baba yake, John Payne, aliwaacha huru watumwa wake mwaka 1783, akahamia Philadelphia pamoja na familia yake. Mwaka 1793 homa ya manjano ilimnyang'anya Dolley mume wake wa kwanza pamoja na mtoto wao mchanga. Mwaka uliofuata aliolewa na James Madison, na kwa kuwa huyo hakuwa wa jumuiya yao, Marafiki walimtoa kundini.

Madison alikuwa Rais kuanzia 1809 hadi 1817. Katika miaka hiyo mwanamke hakuweza kuchaguliwa kuingia bungeni, na hakuwa hata na haki ya kupiga kura. Dolley akafanya kazi kwa njia alizokuwa nazo: meza, mwaliko, na kumbukumbu ya majina ya watu. Jumatano jioni alifungua milango ya Ikulu, na wanasiasa ambao mchana hawakupikika chungu kimoja walijikuta chumba kimoja, glasi mkononi, wakiulizana hali. Wanahistoria wengi wanakubali kwamba karamu zile zilikuwa siasa hasa. Sisi tunaojiandaa kuishi na maparoko tusiowachagua na waamini wasiotuchagua, tuna la kujifunza kwa mama aliyejua kumketisha adui mezani.

Kwa hiyo hatumlaumu yeyote anayemwigiza. Historia iliyoandikwa na wanaume kuhusu wanaume ilihitaji sauti yake.

Kijana aliyetandika meza

Sasa tumsikilize Jennings. Anasimulia kwamba siku ile chakula kilikuwa tayari kwa saa tisa alasiri, na meza aliitandika yeye mwenyewe. Ghafla akatokea James Smith, mtu mweusi aliyekuwa huru, akija mbio juu ya farasi huku akipunga kofia na kuwapigia kelele watu waondoke. Nyumba ikavurugika. Na kuhusu ile picha maarufu, Jennings anasema wazi kwamba hadithi ya Dolley kukimbia akiwa ameibeba si ya kweli. Walioishusha ukutani ni mlinzi wa mlango, Mfaransa anayemwita John Susé, pamoja na mtunza bustani wa Rais aliyeitwa Magraw. Dolley mwenyewe, katika barua kwa dada yake, anasema aliagiza fremu ivunjwe na turubai litolewe. Basi amri ilikuwa yake, na mikono ilikuwa ya wengine. Waingereza walipofika, anaendelea Jennings, walikula chakula kilekile alichokuwa amekiandaa.

Tazama jinsi simulizi hili linavyobadilika likisemwa na aliyetandika meza. Halimfanyi Dolley kuwa mwongo wala mwoga. Linaongeza watu tu: Susé, Magraw, James Smith, na kijana mwenye sahani mikononi. Katika video yetu chumba kile kilikuwa na mtu mmoja.

Lakini jambo lililotukosesha usingizi lilitokea baadaye. Madison alifariki mwaka 1836 bila kuwaacha huru watumwa wake. Mjane wake akaandamwa na madeni, na mwaka 1844 akaiuza Montpelier. Mwaka 1846 Jennings naye aliuzwa, kwa dola 200. Mwaka uliofuata mwanasiasa Daniel Webster alimnunua kwa dola 120 ili awe huru, kwa makubaliano kwamba Jennings atairudisha fedha hiyo kwa kumfanyia kazi, dola 8 kwa mwezi. Tulipiga hesabu ubaoni: miezi 15 ya kazi, ili mtu awe mali yake mwenyewe akiwa na miaka karibu 50.

Dolley wakati huo alikuwa Washington, maskini hata mahitaji ya kila siku yakimpungukia. Webster alimtuma Jennings mara nyingi ampelekee kikapu cha vyakula. Na Jennings anaandika, bila kujisifu, kwamba mara nyingine alimpa mama huyo fedha kidogo kutoka mfukoni mwake. Mtu aliyeuzwa anampa senti zake mama aliyekuwa bibi yake. Dolley alifariki Julai 1849.

Ndugu msomaji, tunasoma falsafa ya maadili kila wiki. Tunajadili fadhila, haki na upendo, na tunapenda mifano ya Wagiriki. Hatujakutana na mfano mzito kuliko huu. Hata hivyo, katika saa nzima ya igizo la maisha ya Dolley Madison, tendo hili moja halikupata hata dakika.

Wanaotupinga

Tulipoyasema haya mezani, wenzetu walitupinga, na hoja zao si nyepesi.

Wa kwanza alisema: mwigizaji amefungwa na nafsi anayoivaa. Dolley asingesimama mbele ya wageni akakiri habari za watumwa wake, kwa hiyo kumlazimisha akiri ni kuharibu historia. Ni kweli. Lakini njia zipo. Wasikilizaji wanaweza kumuuliza, naye akijibu kama bibi wa zama zile, ukali wa jibu lenyewe utafundisha. Mwigizaji anaweza mwishoni kuvua kilemba, akawa mtu wa leo, akasema yale ambayo Dolley asingeyasema. Na njia iliyo bora kuliko zote ni kuweka kiti cha pili jukwaani akakalia Jennings. Kitabu chake kipo, maneno yake yapo, hakuna haja ya kumbunia lolote.

Wa pili alisema: tusiwahukumu watu wa kale kwa mizani ya leo. Hoja hii tuliiheshimu mpaka tulipokumbuka mwaka 1783. Mizani haikuwa ya leo. Ilikuwa nyumbani kwa Dolley alipokuwa msichana wa miaka 15, mikononi mwa baba yake mzazi. Umri huohuo ndio aliokuwa nao Jennings siku ile ya kutandika meza. Hatusemi haya ili tumtupe Dolley motoni, maana hukumu ni ya Mungu. Tunasema alikuwa na dhamiri kama yetu, na mtu mwenye dhamiri haheshimiwi kwa kufichiwa makosa yake.

Wa tatu alisema: jamani, ile ni burudani! Watu wamechoka, waacheni wacheke. Huyu alimtaja Mtakatifu Thoma wa Akwino, ambaye kweli anafundisha kwamba kazi ya waigizaji wanaoburudisha watu si dhambi kwa asili yake, mradi isivuke kiasi. Nasi tukamjibu kwa Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu. Katika kitabu cha tatu cha Maungamo yake anajishangaa jinsi alivyopenda, akiwa kijana huko Karthago, kwenda kulia kwenye michezo ya jukwaani. Aliyafurahia machozi yale kwa sababu hayakumdai kitu: mwenye mateso jukwaani hakuhitaji msaada wake. Hapo ndipo ilipo hatari ya igizo la historia. Tunalia na Dolley Ikulu ikiungua, kisha tunanyanyuka bila deni lolote. Jennings angetudai.

Kwamba jambo hili ni gumu, Wamarekani wenyewe wanalijua. Oktoba 1994, katika mji wa makumbusho wa Colonial Williamsburg, Virginia, waigizaji walionyesha hadharani mnada wa watumwa. Kabla hata hawajaanza kulikuwa na maandamano. Wapo walioona ni kuyageuza mateso ya wazee wao kuwa maonyesho, na wapo waliokuja kupinga wakabadili mawazo baada ya kutazama. Hatuwezi kuupuuza uchungu wa wale wa kwanza. Kuigiza mateso kwahitaji hofu na heshima. Lakini ugumu wa kusema vizuri hautupi ruhusa ya kunyamaza. Huko Montpelier kwenyewe, tangu mwaka 2017, lipo onyesho linalosimulia maisha ya watumwa wa shamba lile, lililoandaliwa pamoja na wazao wao. Mgeni anaingia nyumba ya Rais, kisha anashuka orofa ya chini na kukutana na majina ya waliokuwa wakiihudumia. Inawezekana.

Liturujia inatufundisha nini

Sisi Wakatoliki hatuna sababu ya kuushangaa ugumu huu, maana kila mwaka tunaingia ndani yake. Dominika ya Matawi tunasoma Injili ya Mateso kwa kugawana sauti. Kristo husomwa na padre, msimulizi ana sauti yake, na sisi wengine, na mama zetu waliokuja na matawi mikononi, tunapewa sauti ya umati unaodai Yesu asulibiwe. Kanisa halikutupa nafasi ya kujificha upande wa wema. Dakika chache baada ya kuimba hosana tunatamka dhambi kwa midomo yetu wenyewe, ndani ya ibada.

Hiyo ndiyo historia hai ya kweli. Katika simulizi hilo yumo hata mke wa mwanasiasa. Mtakatifu Mathayo anatuambia kwamba mke wa Pilato alimpelekea mumewe ujumbe akiwa amekaa kwenye kiti cha hukumu, asijihusishe na yule mwenye haki. Hakutajwa jina, hakuwa na cheo, na hakusikilizwa. Lakini Mwinjili hakumwacha nje. Vivyo hivyo hakumwacha nje kijakazi aliyemtambua Petro uani. Injili inawapa wadogo nafasi hata pale maneno yao yanapomwaibisha papa wa kwanza.

Wala tusidhani kwamba utumwa wa Marekani ni habari ya wanasiasa na Waprotestanti peke yao. Mwaka 1838, miaka miwili baada ya kifo cha Madison, Wajesuiti wa Maryland waliuza watu 272 kwa wenye mashamba wa Louisiana, na sehemu ya fedha hizo ikalipa madeni ya chuo chao cha Georgetown. Wengi wa waliouzwa walikuwa Wakatoliki kama sisi. Aprili 2017 Wajesuiti na chuo hicho waliomba msamaha mbele ya wazao wa watu wale, na jengo lililokuwa na jina la padre aliyesimamia mauzo likapewa jina la Isaac Hawkins, mtu wa kwanza katika orodha ya waliouzwa. Seminari na vyuo navyo vina watu waliovitandikia meza. Sisi tunaokula bila kujua nani kachota maji alfajiri tulisoma habari hiyo tukiwa tumeinamisha vichwa.

Begi la katekista

Tukifika hapa inabidi tuungame letu.

Katika parokia moja tunayokwenda kusaidia uchungaji, tulipewa kazi ya kuandaa igizo la jubilei pamoja na vijana wa VIWAWA. Tuliandika sisi. Mmisionari wa kwanza alikuwa na ndevu za katani zilizowachekesha watoto, kanzu nyeupe, na hotuba mbili ndefu. Punda wake, vijana wawili ndani ya gunia, alipigiwa makofi kuliko wote. Katekista wa kwanza tulimpa begi la padre alibebe, na sentensi moja: "Karibu Padre."

Baada ya Misa mama mmoja mzee alitujia taratibu na mkongojo wake. Tukamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, akatushika mikono, kisha akasema: "Wanangu, mmecheza vizuri. Lakini yule wa begi ni baba yangu. Alifundisha sala hapa kabla padre hajaja kukaa. Alizika watu, alisuluhisha ndoa. Ninyi mmempa begi tu."

Tulimjibu nini? Tulisema, "Bibi, muda ulikuwa mfupi."

Muda ulikuwa mfupi, na punda akapata dakika tano. Bibi hakubisha. Aliitikia kwa kichwa, akaenda zake. Hatukulifikiria tena jibu lile mpaka Jumatatu tuliposoma kitabu cha Jennings na mwenzetu akauliza mbona juzi hatukumwona. Hapo ndipo tulipotambua kwamba swali hilo tulikwisha kuulizwa, kwa Kiswahili, na mtu aliyekuwa na haki zaidi ya kuuliza.

Kwa hiyo, wapendwa wasomaji, hasa ninyi mnaoandaa jubilei za vigango na parokia, tunawaomba jambo dogo. Kabla ya kushona kanzu ya mmisionari, tafuteni nani alipika, nani alibeba, nani alitafsiri mahubiri, na nani alifundisha katekisimu kabla ya kanisa kuezekwa. Waulizeni watoto na wajukuu wao wangali hai. Kama kuna kosa lililotendeka, lisemwe kwa upendo, maana hata kitubio huanza kwa kutaja. Wamisionari wetu hawatapungua chochote. Watakatifu hawahitaji kilemba cha ukoka, na wasio watakatifu hakitawafaa.

Sisi tumeanza. Juma lililopita tulikwenda nyumbani kwa bibi yule tukiwa na daftari. Tulimwomba radhi kwa lile jibu letu, akacheka, akatutengea viazi, kisha akasimulia kwa saa mbili bila kupumzika. Tunaliandika igizo upya kwa ajili ya sikukuu ya somo wa parokia. Safari hii katekista ana kiti, na ndiye atakayefungua mazungumzo. Bibi ameahidi kukaa mstari wa mbele. Amesema tukikosea atatusahihisha hapohapo.